Mwamba Mkavu wa Mwambuli

Dodoma, 4 Mei 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na masikio hayakusumbui kuliko tulivyoachana siku ya Idi. Mimi sijambo. Baba naye hajambo. Nilimpigia juzi, bado anashona pale pale Ng'ambo, Tabora, analalamika kwamba siku hizi watu wananunua suti za dukani halafu wanampelekea yeye apunguze mikono.

Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamwelewani tena, na pia jambo lenyewe ni la kukaa ukalisoma taratibu. Mwezi ujao ofisi yetu italeta watu Mwambuli kupima miamba. Watakuja na mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa ardhi hadi chini kabisa, watoe vipande vya jiwe tuvipime huku maabara. Ndiyo kazi niliyosomea, na nimefurahi kwamba safari hii inafika kwako.

Tatizo ni kwamba mwaka jana walitangulia wenzetu wawili kuangalia eneo, wakafukuzwa. Watu waliwaona na nyundo na ramani wakajua ni wa dhahabu, wamekuja kuwahamisha. Siwalaumu, Nzega nzima inajua habari za migodi. Sasa bosi wangu, Injinia Adinani, aliposikia nina shangazi aliyeolewa Mwambuli, alinikalisha ofisini kwake akaniagizia chai. Ameniomba nikuombe uzungumze na mwenyekiti wa kijiji, mzee Gerson, na kina mama wenzako. Uwaambie hatutafuti dhahabu, na hakuna atakayehamishwa. Hayo mawili ni ya kweli, yaseme bila wasiwasi.

Nimempa kondakta wa basi sukari na kitenge, akupe pamoja na barua hii.

Wako mtiifu,
Mwanao, Shamila


Mwambuli, 25 Juni 2023

Mwanangu Shamila,

Waalaykum salaam, na marahaba. Sisi huku wazima, mhola duhu, kama wanavyosema hawa wakwe zangu. Mguu unaniuma kidogo asubuhi, ukipata jua unanyamaza. Kitenge nimekipata. Sukari nimegawana na Suzana, maana ukiwa na sukari ndani na jirani hana, hata chai haishuki.

Mwanangu, wageni wako wamefika. Nilidhani nawe utashuka kwenye lile gari jeupe. Nilisimama mlangoni nimejifunga khanga mpya, wakashuka wanaume watupu. Mkubwa wao akaniambia umebaki Dodoma kupokea mawe. Haya, kazi ni kazi.

Nilifanya ulivyoniomba. Nilikwenda kwa Gerson nikamkuta anakarabati banda la mbuzi. Nikamweleza habari ya dhahabu na ya kuhamishwa. Akaniuliza, "Kama si dhahabu, wanatafuta nini?"

Nikamwambia, "Gerson, mtu anayetoboa ardhi ya Mwambuli na hatafuti dhahabu, atakuwa anatafuta nini kama si maji?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Unaniapia?"

Nikamwapia kwa mtoto wa kaka yangu. Hilo la maji nililisema mimi, hukuliandika wewe, kwa hiyo nikikosea uniambie mapema. Lakini wageni walipoulizwa nao, hawakukataa. Mkubwa wao alitabasamu tu akasema, "Tunachunguza, mama."

Basi ungewaona watu! Mtambo ulikosa njia, Suzana akasema upite kwenye shamba lake la karanga ingawa zilikuwa hazijang'olewa zote. Magurudumu yalizifukia. Kina mama walipeleka viazi na maziwa kila siku. Mimi nikawapa jogoo wangu mwekundu, wakanipiga picha nimemkumbatia. Nimezeeka, mwanangu, nimecheka meno yote nje.

Niandikie kuhusu maji.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Dodoma, 9 Julai 2023

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Usiache kuukanda kwa maji ya moto na chumvi. Mimi mzima, ila kazi ni nyingi, mawe yenu yamejaza meza mbili.

Wenzangu wamerudi wanakusifu. Wanasema hawajawahi kupokewa namna ile popote walipokwenda. Injinia Adinani amefurahi mno.

Kuhusu uliloniuliza. Hujakosea kuwa na matumaini. Uchunguzi bado unaendelea na haturuhusiwi kusema matokeo kabla hayajakamilika, ila naweza kukuambia kwamba mwamba wa Mwambuli ni mzuri, kila mtu hapa anausifu. Mwambie mzee Gerson awe na subira.

Shangazi, kuna jambo marehemu mume wako alikuwa akitusimulia tulipokuwa wadogo, kwamba misafara ya zamani ilipita Mwambuli lakini haikulala. Hebu nikumbushe vizuri ilikuwaje. Itanisaidia katika kazi.

Mwanao,
Shamila


Mwambuli, 27 Agosti 2023

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hali yangu nzuri, namshukuru Mungu. Kiangazi kimeshika, vumbi limeingia mpaka kwenye unga.

Umeniuliza habari ya misafara. Marehemu aliipata kwa babu yake, aliyekuwa mpagazi. Alisema msafara ukitoka Tabora kupanda kaskazini ziwani, watu walilala kila penye kisima. Wakikaribia huku kwetu, mwenye kuongoza alipiga ngoma wakaze mwendo, jua liwake lisiwake, kwa sababu hapa katikati hapana maji. Mzigo ukimwangusha mtu hapa, alibaki. Ndiyo maana wazee waliita ule mwinuko wetu Mahali pa Kupita. Hatukupata hata jina la maana, tumeitwa njia.

Sasa sikia yanayotutokea. Mtambo umeondoka. Shimo limefunikwa kwa kifuniko cha chuma kilichofungwa kwa kufuli, na kina mama wamelizungushia ua wa miiba mbuzi wasisogee. Baadaye walikuja vijana wengine wenye makaratasi, wakatuuliza nyumba ngapi, nani anakunywa maji ya wapi, nani ana mpango wa kuchimba kisima. Suzana akawajibu, "Kisima si mmeshachimba ninyi?" Wakaandika.

Na jambo jingine ambalo najua litakufurahisha. Yule Yusufali mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tabora mjini, ambaye baba yako alimshonea wanawe kanzu za harusi, kila mwaka huchimbisha kisima kimoja kwa sadaka ya marehemu mama yake. Mwaka huu zamu ilikuwa yetu, Mwambuli. Mtu wake alikuja kuonana na Gerson. Ulikuwa mkutano mzima. Wengine walisema tuchukue, kisima hakizidi. Mimi nikasimama. Nikasema sisi tumeshapata cha serikali, na wenzetu wa kijiji cha Busongo wanakunywa na ng'ombe dimbwi moja. Si haki tulale na viwili. Suzana akaniunga mkono, kisha Gerson. Basi tumewaachia Busongo. Wamekwisha kuchimba, maji yametoka meupe, tulialikwa tukala pilau.

Nilitembea kurudi nyumbani nimeinua kichwa, nakwambia kweli. Nilifikiri, mtoto wa kaka yangu ndiye aliyetuwezesha kuwa watu wa kutoa.

Wabeja, mwanangu. Asante.

Shangazi yako,
Mwanajuma


Mwambuli, 22 Oktoba 2023

Mwanangu Shamila,

Salaam. Hujambo? Unaumwa? Kondakta amepita mara nyingi mikono mitupu. Nilimtuma mtu amwulize baba yako, akasema u mzima na unampigia.

Dimbwi letu limekauka. Tunachota Busongo. Ni mbali, lakini wanatupokea. Kila jioni Gerson anatembea mpaka kwenye lile shimo, anasimama pale, anarudi. Haniulizi kitu. Ni afadhali angeniuliza.

Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako


Dodoma, 14 Januari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali. Natumai mvua zimewafikia.

Barua yako ya Agosti niliisoma nikaikunja, nikaifungua tena nikaikunja. Kila nilipokaa kukujibu nilianza kwa salamu nikaishia hapo. Leo nasema, na sitasema nusu.

Si maji. Hayakuwa maji tangu siku ya kwanza, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza.

Ofisi yetu inatafuta mahali pa kuzika mabaki ya mionzi. Hospitali kubwa zina mashine za kuchoma saratani, na ndani ya mashine kuna kipande kidogo cha madini, hata kidole hakifiki, kinachotoa miale. Viwanda na migodi navyo vina vyombo vya kupimia vya aina hiyo. Vikichoka kwa kazi havichoki kutoa miale. Vinaendelea miaka mingi kuliko umri wa mtu, na ukivishika bila kujua vinakuunguza ndani kwa ndani. Sasa hivi vimefungiwa ghalani. Mpango ni kuvitia kwenye chuma, chuma kitiwe kwenye zege, kishushwe kwenye shimo jembamba ndani ya mwamba, chini sana, pazibwe. Kitaalamu ninaamini ni njia salama kuliko kuviacha ghalani. Kwenye shimo lenu hakijawekwa kitu. Ni tupu, lilikuwa la kupimia tu. Hilo nakuomba uliamini, ingawa sijui kwa nini uniamini.

Mahali pazuri pa kuzika vitu hivi ni penye mwamba mzima usio na ufa, na chini yake pasiwe na maji, kwa sababu maji ndiyo hubeba sumu. Shangazi, kilichowapendeza Mwambuli ni ukame wenu. Kila nilipokuandikia kwamba mwamba wenu unasifiwa, ndicho kilichokuwa kikisifiwa. Na ile habari ya mpagazi na Mahali pa Kupita niliiweka kwenye ripoti kuthibitisha kwamba tangu zamani hapana maji. Niliandika "kwa mujibu wa wazee wa eneo." Niliwatumia wewe na marehemu bila kukuambia.

Injinia Adinani alisema tusitaje jambo hili kijijini hadi tathmini iishe, watu wasije wakataharuki bure iwapo eneo halitafaa. Nilipoisikia hoja hiyo ilionekana ni busara. Nikaishika kwa sababu ilinifaa, ilinipunguzia kazi ya kukuambia.

Juma lililopita kulikuwa na mkutano hotelini hapa Dodoma, wageni wengi. Mwenzangu akaonyesha picha ukutani. Kwenye sehemu ya ushirikishwaji wa jamii ikatokea picha yako na jogoo. Ilijaa ukuta mzima. Pembeni iliandikwa, "Wananchi wameupokea mradi." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, shangazi. Mikono yangu ilipiga kabla sijaizuia. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za jikoni, mpishi mmoja akanipa maji akidhani nimezidiwa na joto.

Na kisima cha Yusufali. Ile barua ilinifikia bado Agosti haijaisha, na Busongo walikuwa wamekwisha kuchimba, kwa hiyo nilijiambia nimechelewa, hakuna la kufanya. Lakini wewe uliniuliza Juni. Ningekujibu Julai neno moja tu, "hapana," leo mngekuwa mnachota nyumbani.

Sina la kujitetea.

Shamila


Mwambuli, 11 Februari 2024

Shamila,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua zipo.

Barua yako nimeisoma. Siku ile sikupika.

Nilianza kwa Suzana, kwa kuwa shamba lake ndilo lililofukiwa. Nilimkuta anabangua karanga za mbegu. Nikamwambia, "Suzana, lile si la maji."

"Ni la nini?"

Nikatafuta neno, likanijia moja tu. "Ni kaburi."

"La nani?"

"La vyuma vya hospitali, vyenye sumu. Bado havijaletwa."

Akaendelea kubangua. Baadaye akaniuliza, "Na wewe ulijua?" Nikasema sikujua. Akanitazama, Shamila, mwanamke niliyemkata kitovu mwanawe wa kwanza, akanitazama kama mtu anayepima mizani ya mfanyabiashara. Akasema, "Lakini ni mtoto wenu." Nikasema ndiyo, ni mtoto wetu.

Gerson akaitisha mkutano. Nilisimama nikaisoma barua yako yote, sikuruka hata pale pa makofi. Palikuwa na kelele. Mmoja akasema mimi ni mtu wa mjini, niliolewa huku nije niwauze. Mwingine akasema tukavunje kile kifuniko. Gerson akangoja wamalize, kisha akasimama. Yule bwana si msemaji, unamkumbuka.

Akasema, "Mke wangu Eustadia mnamjua. Pale hospitali ya Kitete walimwandikia aende Mwanza, akapigwa mionzi kifuani, leo yuko hapa analima. Kumbe kile chuma kilichomponya nacho kikichoka lazima kilazwe mahali. Wangekuja wakaniambia hivyo, ningewasikiliza. Pengine ningekubali, pengine ningekataa, sijui. Lakini wangeniuliza."

Akakaa. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kifuniko hakikuguswa.

Sasa nikueleze ninavyoishi. Hakuna aliyenitukana baada ya siku ile. Wanawake tukikutana njiani wananisalimu mwangaluka, wanapita. Zamani walitua ndoo tukazungumza mpaka jua likatuchoma. Mtoto wa jirani alizaliwa juzi, wakamwita mkunga kutoka Busongo badala yangu. Kisimani Busongo tunachota baada ya wenyewe kumaliza, ndiyo desturi, na wanatuonea huruma. Sisi tuliokula pilau yao kama wafadhili. Sokoni Lusu wanunuzi wameanza kuuliza karanga zimetoka wapi, na ukitaja Mwambuli wanarudisha mikono. Nao hawajui kama shimo ni tupu, wala hawangoji kujua.

Nimezika mume hapa. Nilidhani nimekuwa wa hapa. Kumbe nilikuwa nimeazimwa.

Usiniandikie barua nyingine ya kuomba msamaha. Si mimi niliyefukiwa karanga. Njoo useme mwenyewe mbele yao.

Shangazi yako


Dodoma, 21 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako. Baba aliniambia hukwenda Ng'ambo mwaka huu. Alinitazama akitarajia nimweleze sababu, nikamwambia barabara mbovu.

Umeniambia nisiandike, nije. Nataka ujue kwamba nilikuja.

Mwezi wa tatu, mfungo ulipokuwa umeanza, nilipanda basi bila kumwambia mtu. Nikashuka stendi ya Nzega, nikaanza kutafuta bodaboda ya kunileta. Nikamwona mzee Gerson. Alikuwa amesimama kwa wauza dawa za mifugo, na mkewe amekaa kwenye kiroba kando yake, anajipepea kwa kipande cha boksi. Walikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia akimwambia, "Ngoja nikutafutie kivuli." Ningepiga hatua chache tu na kusema shikamoo.

Nilijificha nyuma ya basi. Mimi mwenye digrii mbili, nimeinamisha kichwa nyuma ya tairi, utingo akaniuliza kama nimedondosha kitu. Walipoondoka nikakata tiketi ya kurudi. Sikuwaogopa, shangazi, hawangenifanya kitu. Niliogopa kwamba angeniitikia marahaba, na angeiitikia vizuri.

Niliporudi nilikwenda kwa Injinia Adinani. Nikamwambia lile neno kwamba wananchi wameupokea mradi ni la uongo, na ninataka liondolewe pamoja na picha. Akaniuliza, "Nani alidanganya? Wewe si ndiye uliyetupa shangazi?" Ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Nikamwambia basi andikeni hivyo, kwamba tulidanganya mimi na ninyi. Nimeandika barua kwa wakubwa wake, nimesema watu wa Mwambuli hawakuulizwa, na kwamba waliupokea mtambo kwa kudhani ni wa maji, na sisi tukawaacha wadhani. Jina lako nimeliondoa, langu nimeliacha.

Wamenihamishia ghala la sampuli. Siku nzima niko na mawe, na mengi ni ya kwenu. Sikuelezi haya ili unihurumie. Nakueleza kwa sababu ungesikia kwa wengine kwamba nimefanya jambo la ushujaa. Shujaa hajifichi nyuma ya tairi.

Nilipita pia Tabora dukani kwa Yusufali. Alinikumbuka kwa sababu ya baba. Nikamweleza yote. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema visima viwili vijavyo ameshaviahidi, na ahadi ya sadaka haivunjwi hata kwa mwenye shida. Ila amewaandika Mwambuli nyuma ya hivyo viwili. Alisema, "Safari hii sitamtuma mtu, nitakwenda mwenyewe niwaulize wanataka wapi." Lakini mwamba ninaujua mimi, shangazi. Sijui kama atapata maji. Nilimwambia hilo pia. Akasema atatafuta bondeni.

Sijastahili kujiita mwanao, ila sina jina jingine kwako.

Shamila


Mwambuli, 10 Novemba 2024

Shamila,

Marahaba. Mimi mzima. Mguu umenifunga kiangazi chote, sasa natembea. Suzana hajambo. Eustadia amekwenda Mwanza kuangaliwa, wamesema yuko safi.

Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Kusoma kwamba ulifika Nzega ukarudi kuliniuma kuliko ungekaa Dodoma. Ile barua sikuisomea watu. Nilimsomea Gerson peke yake, kwa kuwa alikuwa ndani yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Alikuwa amefunga siku ile?" Nikasema ilikuwa mfungo, bila shaka alifunga. Akasema, "Basi alirudi Dodoma na njaa."

Sasa kuna jambo. Mwezi uliopita gari lilikuja tena, watu wapya, yule mkubwa wa mwanzo hakuwapo. Walimwomba Gerson aitishe mkutano wa kijiji, wakasema yale ya kwanza yamefutwa, wameagizwa kuanza upya kwa kuwauliza wananchi. Wakaleta makaratasi mengi na picha za shimo zenye rangi. Kijana mmoja alieleza vizuri, kwa adabu. Watu hawakukataa, wala hawakukubali. Suzana alinyanyuka akauliza, "Tutajuaje kwamba yaliyoandikwa humo ndiyo unayoyasema?" Kijana akasema wanaweza kumtafuta mtaalamu wao wenyewe awasomee. Gerson akaomba wapewe muda. Wamepewa hadi Desemba.

Jana walikaa wazee na kina mama wachache. Mimi waliniita, na nilishangaa kuitwa. Gerson akasema kijiji kinahitaji mtu anayeyajua mawe, anayeijua ofisi ile ilivyo, na asiyeweza kuwadanganya mara ya pili. Mmoja akasema mtu wa namna hiyo hayupo. Suzana akasema, "Yupo. Ameshaonekana alivyo, hana tena cha kuficha."

Wameniagiza nikuandikie, na wameniagiza maneno yenyewe. Hawajakusamehe. Hilo wanataka ulijue kabla hujapanda basi. Hawatakuchinjia kitu, na kuna watakaokwambia maneno usoni, uyasikilize. Lakini siku ya mkutano wanataka ukae kwenye benchi lao, makaratasi uyapokee wewe, na kila mstari uwasomee kwa Kiswahili cha kueleweka, mzuri na mbaya. Wakisema ndiyo, iwe ndiyo yao. Wakisema hapana, ukaipeleke wewe Dodoma kwa mkono wako.

Ofisi ikikufukuza kwa hilo, watakuwa wamekufukuza. Sijui watafanya nini, na sitakudanganya kwamba hawatafanya.

Wameniuliza kama utakuja. Nimesema sijui.

Njoo kabla ya mkutano. Mvua za kwanza zimenyesha na tumeanza kupanda, mimi nashinda shamba mpaka jioni. Utakuta mlango umefungwa. Ufunguo uko kwa Suzana, kamwombe.

Shangazi yako,
Mwanajuma